Mtungi Ukae Nje: Kanuni Ilikotoka

Nauza gesi ya kupikia hapa Lushoto. Wateja wengi, wakishaulizia bei, huniuliza mtungi waweke wapi. Huku milimani watu huuficha chumbani kwa kuogopa wezi, nami nawaelewa, kwani mtungi ni mali. Ila kanuni ya kuuweka nje ina historia yake, na mteja akiisikia huwa habishi tena.

Mwaka 1910, Pittsburgh, Marekani, mkemia Walter Snelling aliletewa shauri la petroli iliyokuwa ikipotea kwa mvuke kwenye tangi la gari. Alipoitia chupani, kizibo kikawa kinafyatuka kila mara. Katika mvuke ule mlikuwa na propani, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 42 chini ya sifuri. Ikibanwa ndani ya chuma huwa kimiminika. Lita moja ikiachiwa hutoa takriban lita 270 za gesi. Ikawa nishati ya mashambani, ya watu ambao mabomba ya mjini hayakuwafikia.

Hatari kubwa ni uzito wake, karibu mara moja na nusu ya hewa. Ikivuja haipandi kutokea dirishani. Hutambaa sakafuni, ikajikusanya shimoni au kwenye chumba cha chini ya ardhi, ikakutana na cheche. Mwaka 1932, NFPA, chama cha Marekani cha kukinga moto, kilitoa kanuni zake za kwanza za gesi hii. Leo hutaka tangi la galoni 500, karibu lita 1,900, likae mita 3 au zaidi kutoka kwenye nyumba, na lisijazwe kupita asilimia 80, kwani kimiminika huvimba kwa joto.

Kisha kuna harufu. Tarehe 18 Machi 1937, shule ya New London, Texas, ililipuka kwa gesi asilia iliyojikusanya chini ya jengo. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto. Kila nikiisimulia sauti hunikwama: gesi ile haikuwa na harufu yoyote ya kuwaonya. Baada ya hapo Texas iliamuru gesi itiwe harufu. Uvundo tunaoulalamikia mtungi ukikaribia kuisha umetiwa makusudi.

Babu mmoja, jirani yangu, alikuwa akiweka wake chini ya kitanda.
“Wataniibia, mwanangu.”
“Babu, ukivuja, gesi inajaa hapo hapo ulipolala.”

Fundi wa kuchomelea akamtengenezea kizimba cha nondo chenye kufuli, nje ya jiko, mbali na mlango na karo, hewa ikipita pande zote. Mtungi umesimama wima juu ya saruji. Ukilazwa, valvu ya usalama inaweza kutoa kimiminika badala ya mvuke.