Safari ya Ngozi na Pembe: Kutoka Mombasa Hata Washington

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Leo, wasomaji wetu, twataka kuwasimulia habari ya mali iliyotoka katika nchi zetu ikavuka bahari, nayo iliandikwa daftarini kwa uangalifu mwingi, na habari ya watu walioichukua mabegani, ambao wengi wao hawakuandikwa. Mali yenyewe ni ngozi, mafuvu na pembe za wanyama wa porini. Mwindaji huviona vitu hivi kuwa ukumbusho wa ushujaa wake. Sheria ya Kiswahili huviita nyara, neno ambalo asili yake ni vitu vilivyotekwa vitani.

Tarehe 4 Machi 1909 Theodore Roosevelt alimaliza kazi yake ya urais wa Marekani. Hakukaa nyumbani kupumzika. Tarehe 23 ya mwezi ule ule aliingia melini pamoja na mwanawe Kermit, na tarehe 21 Aprili wakashuka Mombasa. Safari ile haikuwa ya kujifurahisha tu. Huko Washington, Smithsonian, chama kikubwa cha elimu, kilikuwa kikijenga jumba jipya la makumbusho, nacho kilitaka wanyama wa Afrika wa kuonyeshwa na kuchunguzwa humo. Kwa hiyo wataalamu watatu walifuatana naye, yaani Edgar Mearns, Edmund Heller na Alden Loring. Fedha zilitolewa na matajiri, mmojawapo akiwa Andrew Carnegie.

Labda msomaji atauliza: Ngozi ya twiga iliwezaje kufika Marekani bila kuoza? Jibu lake ni chumvi na haraka. Katika joto letu, ngozi isiyoshughulikiwa mapema hunyonyoka manyoya na kuharibika. Basi mnyama akiisha kuanguka, wachunaji walimchuna, wakakwangua nyama na mafuta, wakaisugua ngozi kwa chumvi upande wa ndani, kisha wakaikausha. Ngozi ya tembo na ya kifaru ilikuwa na taabu zaidi, kwa kuwa ni nene mno na chumvi haipenyi. Ilibidi kuipunguza kwa visu kidogo kidogo. Hata mwisho kila kitu kilifungiwa kipande chenye nambari, mahali na tarehe; maana kwa wenye elimu, ngozi isiyo na habari yake thamani yake ni ndogo.

Chumvi iliyoletwa kwa kazi hiyo ilikuwa tani 4. Natupige hesabu. Mzigo wa mpagazi siku zile ulikuwa ratili 60; basi tani 4 si chini ya mizigo 130. Ingawa haikuchukuliwa yote kwa mara moja, hesabu hii yatuonyesha ni mabega mangapi yaliyotakiwa kwa chumvi peke yake, kabla hatujataja mahema, vyakula, risasi na mitego. Wapagazi walikuwa zaidi ya 200. Walipita nchi za Kapiti, Sotik, Naivasha, Mlima Kenya na Uasin Gishu. Wakienda walichukua chumvi. Wakirudi walichukua ngozi na pembe, mpaka gari la moshi lizipokee na kuzishusha pwani.

Safari ilikwisha Khartoum mwezi wa Machi 1910. Roosevelt na mwanawe walikuwa wamepiga wanyama 512, naye aliandika kwamba wawili hao walijiwekea nyara kama 12 tu. Wengine walikuwa wa makumbusho au wa chakula cha kambi. Pamoja na ndege, nyoka, samaki na panya waliokusanywa na wataalamu, wanyama waliofika Washington walizidi 11,000. Hatuwezi kuikana faida ya kazi ile, kwa maana wenye elimu walijifunza mengi kwayo.

Walakini tulitazame daftari lile tena. Kila panya ana nambari yake na tarehe yake. Lakini mpagazi je? Katika kitabu chake cha mwaka 1910 Roosevelt aliwataja baadhi ya wachukuzi wa bunduki, kama Juma Yohari na Kasitura, akawasifu. Wapagazi wengi hawakupata hata hilo. Twajua mahali alipofia swala. Hatujui kijiji alikozaliwa mtu aliyemchukua swala yule.

Tena liko daftari la pili, nalo ni la sheria. Leseni ya mwindaji mgeni siku zile iligharimu rupia 750, wakati kodi ya nyumba ya mwanakijiji haikuzidi rupia 3 kwa mwaka, na hiyo yenyewe ilimlemea. Mwenye rupia 750 aliitwa mwindaji. Mkamba au Muata aliyewinda kwa upinde wa baba yake bila ruhusa alionekana mkosaji, hata akafungwa. Mnyama alikuwa yule yule na pori lile lile; kilichowatenga watu wawili hawa ni karatasi.

Hatusemi haya ili wanyama wauawe ovyo. Habari ya kifaru mweupe wa kaskazini yatuonya sote. Mwanzoni mwa mwaka 1910 Roosevelt na Kermit walipiga vifaru weupe 9 katika nchi ya Lado, magharibi ya mto Nile. Si hao 9 waliomaliza kabila lile la vifaru. Ni majangili watafutao pembe, na vita vilivyoharibu nchi zile miaka mingi baadaye. Hata tarehe 19 Machi 2018 dume la mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa Ol Pejeta nchini Kenya. Aliacha majike wawili tu, Najin na Fatu, mama na binti.

Kwa hofu ya hasara kama hiyo mataifa yalifanya mapatano huko Washington mwezi wa Machi 1973, nayo yakaanza kutumika mwaka 1975. Tangu hapo, nyara ya mnyama aliye katika hatari kubwa haivuki mpaka ila kwa karatasi mbili: ruhusa ya nchi inayotoa, na ruhusa ya nchi inayopokea. Na kabla ya kutoa ruhusa, wakubwa wa pande zote mbili yawapasa kuhakikisha ya kuwa jambo lile halitaangamiza jamii ya mnyama huyo. Kenya ilikwenda mbali zaidi, ikapiga marufuku uwindaji wa namna hii mwaka 1977. Tanzania ilishika njia nyingine: iliruhusu uwindaji kwa leseni, na sera ya mwaka 1998 ikavifungulia vijiji njia ya kutenga ardhi ya wanyama na kupata fungu la mapato. Huko ng'ambo nako, Australia na Ufaransa zilikataa nyara za simba mwaka 2015.

Wako wasemao kwamba kukataa nyara kunamwokoa simba. Wako wasemao kwamba simba asiye na faida kwa jirani yake hatakaa sana, kwa kuwa jirani huyo ndiye anayeliwa ng'ombe na kuharibiwa shamba. Pande zote mbili zina neno la kusikilizwa. Lakini twaona ya kwamba mara nyingi shauri hukatwa mbali, na jirani wa simba huletewa habari baada ya mambo kwisha, kama mpagazi aliyeambiwa tu, "Chukua, twende."

Basi, ndugu wasomaji, wale waliobeba chumvi ya mwaka 1909 wamekwisha fariki, na majina yao mengi hatutayapata tena. Lakini wajukuu wapo, na pengine katika nyumba fulani jina moja lingali likitajwa, na liandikwe. Na ninyi mkaao karibu na wanyama, wekeni daftari lenu wenyewe: wanyama wangapi walipigwa, mashamba mangapi yaliharibiwa, fedha ngapi ziliahidiwa, na ngapi zilifika. Kwa kuwa mwenye daftari hawezi kuambiwa kwamba hakuwapo.