Wamatengo na Deni la Shamba

Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Shamba hili limechoka." Twasema kana kwamba udongo ni punda aliyebebeshwa mizigo. Kwa kweli udongo hauchoki, bali hupungukiwa. Chakula cha mimea hutoka udongoni, huingia katika jani na punje, kisha katika mwili wa mtu na mnyama, nacho sharti kirudi kilikotoka. Kisiporudi, shamba limekopwa na halikulipwa. Leo tutaeleza habari za watu walioijua hesabu hiyo, yaani Wamatengo wa Mbinga, kusini ya Tanzania, karibu na Ziwa Nyasa.

Katika mwaka 1835 Wangoni, wakiongozwa na Zwangendaba, walivuka mto Zambezi wakienda kaskazini. Alipokwisha kufa mkuu huyo vikundi vilitengana, na Wangoni wengine wakaja kukaa katika nchi ya Songea. Vita vyao viliwasonga majirani. Wazee wa Kimatengo husimulia kuwa baba zao walikimbilia milimani, wakabanana huko kwenye miteremko mikali. Mwenye nchi pana aliweza kuliacha shamba lililopungua nguvu akafyeka jingine. Lakini waliobanwa mlimani hawakuwa na pa kuhamia. Tena maji ya mvua huteremka huko kwa kasi, na kuuchukua mpaka mtoni udongo wa juu, ndio wenye rutuba. Basi ilikuwa ama kuizuia rutuba isitoroke, ama kufa njaa.

Ndipo waliposhika kilimo cha mashimo yaitwayo ngolo. Kazi huanza mwezi wa Machi. Wanaume hufyeka majani kwa nyengo, huyaacha yakauke, kisha huyapanga kwa mistari inayokatana, hata shamba lote likawa miraba miraba. Wanawake nao huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia majani. Palipochimbwa huwa shimo, na penye majani huwa tuta. Maharagwe hupandwa juu ya matuta. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kukimbia, na udongo uliosombwa huishia humo humo.

Chini ya tuta kazi nyingine huendelea isiyoonekana kwa macho. Kuvu na vijidudu hula majani yale, na rutuba iliyofungwa ndani yake hufunguliwa ikawa chakula cha mizizi. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya Mmatengo sharti ioze ndipo ifae. Maharagwe nayo huongeza fungu lake, kwani katika vifundo vya mizizi yake hukaa vijidudu vinavyoshika naitrojeni ya hewani. Siri hiyo ilielezwa na Hermann Hellriegel huko Ujerumani mwaka 1886. Maharagwe yakiisha kuvunwa, hufuata mahindi juu ya matuta yale yale. Baadaye ngolo huchimbwa upya, majani mengine yakafukiwa, na mzunguko ukaanza tena.

Lakini tusijidanganye. Majani hurudisha kile tu yalichokitwaa katika shamba lile lile. Gunia la mahindi liendalo sokoni huondoka na fosforasi yake, wala fosforasi haishikwi hewani kama naitrojeni. Ndiyo sababu shamba la ngolo nalo lilihitaji kupumzishwa. Na watu walipozidi, mapumziko yakafupishwa, ngolo peke yake haikutosha kulipa deni lote. Hapo ndipo samadi na majivu ya jikoni yanapotakiwa.

Wako kati yetu wanaoyachoma majani ya shamba kila mwaka. Majivu hubaki, ni kweli, lakini naitrojeni huruka pamoja na moshi. Basi tuvunapo tujiulize: tumechukua nini, nasi tumerudisha nini? Mali bila daftari hupotea bila habari.