Mcheza Kwao Hutunzwa: Mbwa Mdogo Mbele ya Majaji wa Mila Tatu

Mtoto yule yule wa Yorkshire Terrier akipelekwa kwenye maonyesho ya London, New York na Brussels, atapokewa kama mbwa watatu tofauti. Waingereza na Wamarekani humweka katika kundi la mbwa wadogo wa kupakatwa. Shirikisho la kimataifa la FCI, ambalo kanuni zake zinafuatwa karibu bara zima la Ulaya, humhesabu pamoja na mbwa wa jamii ya terrier, katika kundi la tatu. Hata hivyo makundi si hoja. Hoja ni kile ambacho jaji wa kila mahali hukitafuta, kwa sababu ndicho kinachoamua mtoto wa mbwa afundishwe nini kwanza. Mcheza kwao hutunzwa. Na kila ulingo una ngoma yake.

Mchezo huu ulianzia Uingereza. Maonyesho yanayohesabiwa kuwa ya kwanza yalifanyika Newcastle mwaka 1859, na yalikuwa ya mbwa wa kuwindia tu. Washindi walizawadiwa bunduki. Chama cha Waingereza, Kennel Club, kikaundwa mwaka 1873, na Charles Cruft akaanzisha maonyesho yenye jina lake mwaka 1891. Asili hiyo ya wafugaji kukaguliana mifugo bado inaonekana. Mara nyingi mwenye mbwa humwongoza mwenyewe, na jaji wa aina fulani huwa naye amewahi kuifuga. Ubingwa unataka vyeti vitatu kutoka kwa majaji watatu tofauti. Mbwa mdogo wa Kiingereza hufundishwa zaidi uvumilivu: kusubiri katika mstari mrefu bila kuchoka wala kubweka, kisha kutembea kwa kamba iliyolegea, ili jaji aone mwendo wake halisi badala ya mwendo wa mkono unaomvuta.

Wamarekani waliuchukua mchezo huo wakaupa jukwaa. Maonyesho ya Westminster yalianza New York mwaka 1877, na chama cha kitaifa, AKC, kikafuata mwaka 1884. Huko ubingwa ni hesabu ya pointi: 15 kwa jumla, na ndani yake lazima kuwe na ushindi mkubwa mara mbili, wa pointi tatu hadi tano kila mmoja, chini ya majaji tofauti. Pointi hutegemea idadi ya mbwa walioshindwa, kwa hiyo mwenye haraka husafiri kila wikendi, au humkabidhi mbwa kwa mwongozaji wa kulipwa. Jaji ana takriban dakika mbili kwa kila mbwa. Matokeo yake, mtoto wa mbwa wa Kimarekani hufundishwa kung'aa mara moja: anaona kipande cha ini mkononi, anasimama imara kwa miguu yote minne, masikio juu, macho kwa mwongozaji. Hufundishwa pia kulala ndani ya kizimba na kufanya kazi na mtu ambaye si bwana wake. Jaji akimaliza, hutangaza nafasi tu. Aliyeshika nafasi ya nne hurudi nyumbani bila kuambiwa kwa nini.

Bara la Ulaya lilikwenda njia ya karatasi. FCI iliundwa mwaka 1911 na Ujerumani, Austria, Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi, na nchi nyingi zikitaka kuaminiana, hukumu lazima iandikwe. Kila mbwa hupimwa kwanza peke yake dhidi ya vigezo vya aina yake. Jaji hutamka maoni, karani anaandika, na mwenye mbwa huondoka na karatasi yenye daraja: bora sana, nzuri sana, nzuri, na kushuka. Watoto wa mbwa hawapewi madaraja hayo; huambiwa tu kiasi gani wanatia matumaini. Maandishi hayo yana gharama kwa mnyama. Wakati jaji anatamka, mbwa bado yuko mezani, na meno yake hukaguliwa kwa makini. Kwa hiyo mtoto wa mbwa wa huko hufundishwa utulivu wa meza kabla ya mbwembwe za mwendo.

Mila zote tatu hukutana kwenye meza hiyo. Mbwa wadogo hukaguliwa juu yake kwa sababu jaji hawezi kuinama sakafuni siku nzima, na huko ndiko wengi wao huharibikiwa. John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walionyesha kuwa mbwa hujenga imani kwa watu hasa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili. Mikono ya wageni ianze kumgusa mdomo, miguu na mkia katika kipindi hicho. Meza iwekwe mkeka wa mpira usioteleza. Abebwe kwa mikono miwili. Asiachwe aruke, maana mfupa wake ni mwembamba. Kamba isimvute shingo, kwani koromeo la mbwa wa aina hizi huumia upesi. Afundishwe kusimama kabla ya kukaa, la sivyo atakaa mbele ya jaji akingoja zawadi. Meno yanapobadilika, kati ya mwezi wa nne na wa saba, ukaguzi wa mdomo uwe mwepesi. Mafunzo yawe ya dakika chache, wala asishindishwe njaa ili apende chakula, maana mtoto mdogo sana huishiwa sukari ya damu haraka.

Kama ni kuchagua, kwa anayeanza nachagua mila ya bara la Ulaya. Nafasi humwambia mtu kawashinda akina nani. Maandishi humwambia ana mbwa wa namna gani. Uvumilivu wa Kiingereza ufuate, na mng'ao wa Kimarekani uje mwisho, kwa mbwa ambaye tayari haogopi. Na hakuna mafunzo yanayoficha afya: mwaka 2012, kwenye maonyesho ya Crufts, yale aliyoyaanzisha Charles Cruft, Pekingese aliyekuwa mshindi wa aina yake alinyimwa taji baada ya ukaguzi wa daktari wa mifugo.

Msomaji wa Nairobi, ambako East Africa Kennel Club huandaa maonyesho, aende kwanza bila mbwa. Atazame jaji anavyofanya mezani, kisha arudi nyumbani ajizoeze hayo hayo. Mtoto wa mbwa asiyetulia mezani hajawa tayari kwa ulingo wa nchi yoyote.