Mdudu wa Ngezi

Mwaka 1984, nilipokuwa nikifundisha biolojia katika chuo kimoja cha ualimu, niliwaagiza wanachuo warudi na wadudu kutoka likizo. Kijana mmoja wa Kipemba aliniletea kopo la maziwa lenye kereng'ende sita, wembamba kama sindano, aliowanasa kijitoni katika msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa chao. "Mwalimu, hawa huku bara sijawaona," alisema. Mmoja alikuwa na weupe miguuni. Nikamwambia ule ni ukungu, kwa kuwa aliwafungia wakiwa wabichi. Nikaongeza mbele ya wenzake kwamba mdudu dhaifu namna ile havuki bahari, hivyo wadudu wote wa Pemba asili yao ni Tanga. Nilimpa alama nne kwa kumi, kopo nikaliweka dirishani.

Ndugu msomaji, mimi ni mzaliwa wa Bariadi. Kwetu Mto Simiyu hupungua kiangazi mpaka yakabaki madimbwi, na bahari niliisoma katika ramani kabla sijaiona. Nilifundisha nilichofundishwa.

Juzijuzi mjukuu wangu aliyeko chuo kikuu aliniletea karatasi za kusoma. Humo nikakuta kwamba mwaka 2007 wataalamu watatu, Klaas-Douwe Dijkstra, Viola Clausnitzer na Andreas Martens, walimtangaza kereng'ende mwembamba wa Pemba kuwa spishi mpya. Walimwita Platycnemis pembipes, jina la kisiwa likiunganishwa na neno la Kilatini la mguu. Mwaka 2014 alihamishiwa katika jenasi ya Proplatycnemis.

Kumtambua mdudu wa aina hii si kazi ya kutazama rangi tu, maana hufanana mno. Mtaalamu huchunguza kwa kioo cha kukuzia vile vibanio vilivyo nchani mwa mkia wa dume, ambavyo humshika jike penye shingo wakati wa kujamiiana. Kila spishi ina umbo lake. Jamii yake hujulikana pia kwa miguu ya madume, ambayo kwa wengi imepanuka kama unyoya. Safari hii vinasaba navyo vililinganishwa, na hapo ndipo nilipoona aibu. Ndugu zake wa karibu wako Bukini, ndiyo Madagaska, zaidi ya kilomita 1,000 ng'ambo ya maji. Bara iko kilomita 50 hivi tu.

Unguja iliwahi kuungana na bara, kama miaka 20,000 iliyopita, bahari iliposhuka kwa mita 120 hivi. Pemba haikuungana, kwa sababu mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Inaelekea wahenga wa mdudu huyu walipeperushwa na upepo. Nami niliwahi kufundisha, katika somo la historia, jinsi kusi ilivyosukuma majahazi kwenda kaskazini! Sikupata kuyaunganisha masomo hayo mawili.

Siapi kwamba wale sita walikuwa ndio hao. Nilitafuta namba ya yule kijana, ambaye sasa naye ni mstaafu, nikampigia.

"Shikamoo Mwalimu," alisema, na ile nne aliikumbuka. Nilipomaliza kumweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza kopo liko wapi. Ilinibidi nimwambie habari za sisimizi.