Plasebo Si Dawa Bandia

Plasebo ni kidonge au sindano inayofanana kwa kila hali na dawa inayojaribiwa, ila ndani haina kiambato cha kutibu. Wengi huiita "dawa bandia", na hapo ndipo utata unapoanza. Kwa Mtanzania, dawa bandia ni ile inayosakwa madukani na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyotengenezwa kwa nia ya kumwibia mnunuzi. Mama wa Ifakara akilikuta neno hilo kwenye fomu ya ridhaa, ana kila sababu ya kumbeba mwanawe na kuondoka.

Bonde la Kilombero, uliko mji huo wa Ifakara, halikuanza jana kuijua plasebo. Mwaka 1993 chanjo ya malaria ya SPf66, iliyobuniwa Kolombia, ilijaribiwa dhidi ya plasebo katika kijiji cha Idete kwa watoto 586. Baadaye, watoto wachanga 701 walioletwa kliniki kuchanjwa Ifakara walipewa ama SP (dawa ya malaria ya sulfadoksini-pirimethamini) ama plasebo, wakiwa na miezi 2, 3 na 9. Matokeo yalitoka mwaka 2001: waliopata SP waliugua malaria pungufu kwa asilimia 59. Bila kundi la plasebo, nani angejua kama mbu hawakupungua tu kwa uhaba wa mvua?

Dawa za moyo kushindwa kufanya kazi hupimwa vivyo hivyo. Moyo huo haujasimama. Unasukuma damu kwa unyonge, miguu inavimba, na mgonjwa akilala chali pumzi inambana. Katika jaribio la DAPA-HF la mwaka 2019, lenye wagonjwa 4,744, hali ilizidi kuwa mbaya au kifo cha moyo na mishipa kilitokea kwa asilimia 21.2 ya waliopewa plasebo, dhidi ya 16.3 ya waliopewa dapagliflozini, dawa iliyokwisha kuzoeleka kwa kisukari. Lakini wote waliendelea kumeza dawa zao za kawaida. Jina "dawa bandia" linalificha hilo pia, kana kwamba nusu yao waliachwa bila tiba.

Basi kwenye maandishi ya kitaalamu tubaki na "plasebo", na kwa mgonjwa tuseme "kidonge kitupu". Fomu iseme wazi: "Utaendelea na dawa zako zote. Utaongezewa kidonge kimoja, chenye dawa mpya au kitupu. Wewe na daktari wako hamtajua ni kipi, na unaweza kujitoa wakati wowote."