Mkasi, leja na ujumbe wa Alhamisi

Miaka ya 1980 zahanati za vijijini Tanzania zilipokea dawa kwenye maboksi yaliyofungwa tayari. Mpango wa dawa muhimu, uliofadhiliwa na Denmark kwa ushirikiano na UNICEF, ulipeleka maboksi ya aina moja kila mahali. Kwetu Lindi, yaliyopanda uwanda wa juu wa Rondo kwenye baridi yalifanana na yaliyoshushwa huku pwani, ambako malaria haipumziki. Aliyefungasha hakujua rafu yako ina nini, kwa hiyo dawa moja ilikwisha mapema na nyingine ikakaa hadi ikapitwa na muda. Siyabezi maboksi yale. Kabla yake zahanati nyingi zilikuwa na rafu tupu.

Baadaye Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya 1993, ilianza kupokea maagizo ya kila kituo, na sisi wa zahanati tukawa watu wa hesabu. Mimi nilikuwa muuguzi Lindi Vijijini. Kila robo mwaka tulikaa na leja na fomu ya taarifa na maombi: salio la mwanzo, zilizopokelewa, zilizoharibika, salio la mwisho. Ukijumlisha na kutoa unapata matumizi, na matumizi ndiyo yanayoamua uagize kiasi gani.

Hesabu yenyewe nyepesi, ila inahesabu dawa zilizotoka tu. Chukua zahanati iliyotoa dozi 60 kwa siku 90. Fomu inasoma dozi 20 kwa mwezi. Kumbe dawa ilikuwepo siku 30 tu, zikaisha zote 60, na siku 60 zilizobaki watu walikuja wakarudi mikono mitupu. Mahitaji ya kweli ni dozi 60 kwa mwezi. Ukiagiza kwa kufuata ile 20, uhaba wa robo ijayo umeshaupanga wewe mwenyewe. Bibi aliyeniuliza dirishani, "Nesi, sasa nirudi lini?" hakuwa na mahali pa kuandikwa.

Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa ya mseto ya kutibu malaria, na leja ikazidi kuwa na mambo. Mseto ulikuja kwa pakiti za saizi nne, kila saizi na rangi yake: ya njano ya mtoto mdogo ina vidonge 6, ya kijani ya mtu mzima ina 24. Sasa njano imeisha, na mama amesimama na mtoto anayechemka mwili. Unachukua mkasi, unakata ya kijani, na pakiti hiyo moja inatosha watoto wanne. Ulikuwa uamuzi sahihi na ningeufanya tena leo. Lakini kwenye leja njano haisogei, na kijani inakwenda kana kwamba watu wazima wa kijiji kizima wameugua kwa mpigo. Mchambuzi wa takwimu asiyejua habari za mkasi atakuletea kijani zaidi, na watoto wataendelea kukosa.

Ndiyo maana ninauthamini mradi wa SMS for Life. Kati ya 2009 na 2010, kwa wiki 21, Wizara ya Afya pamoja na Novartis, IBM, Vodafone na Roll Back Malaria waliujaribu katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo vilikuwa 129, vikihudumia watu wapatao milioni 1.2. Kila Alhamisi ujumbe uliingia kwenye simu ya mhudumu ukiuliza idadi ya mseto wa kila saizi, na kwinini ya sindano. Kujibu hakukugharimu kitu, na aliyejibu kwa wakati alipata salio la simu. Aliyechelewa alikumbushwa.

Majibu yalifika kwa wastani wa asilimia 95. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikosa angalau dawa moja kati ya zile. Wiki ya 21 vilikuwa vimebaki asilimia 26. Kwetu Lindi Vijijini uhaba uliisha kufikia wiki ya 8.

Wengi husifu simu. Mimi nasifu swali lenyewe: liliuliza rafuni kuna nini leo, kila rangi peke yake, kwa hiyo sifuri ya njano ilionekana wilayani wiki ileile. Mganga mkuu wa wilaya aliweza kuona nani ana akiba na jirani yake hana, na dawa ikahama bila kungoja lori la robo mwaka. Hapakuhitajika hesabu nzito, ila mtu mwenye gari, mafuta na mamlaka ya kusema "peleka".

Miaka michache baadaye mfumo wa kielektroniki wa eLMIS ulichukua kazi ya zile fomu za karatasi, na leo makadirio ya mahitaji hufanywa na kompyuta. Nafurahi. Ninachowaomba vijana wanaoingiza takwimu ni kuijaza kwa ukweli safu ya siku ambazo dawa haikuwepo, hata kama foleni iko mlangoni. Mtu wa Dar es Salaam hana njia nyingine ya kuwajua waliorudi nyumbani bila kitu.