Magari ya tamthilia, na matatu moja ya Kibera

Juzi barazani kulizuka ubishi: gari gani la tamthilia ndilo maarufu kupita yote? Kila mtu akataja la ujana wake. Mimi nilitaja matatu, wakanicheka. Basi nieleze.

Kwanza haya makubwa. KITT la Knight Rider (1982 hadi 1986) lilikuwa Pontiac Trans Am jeusi. Tulilitazama kwa jirani, kanda ya video ikizunguka nyumba hadi nyumba, tukiamini kwamba linajiendesha. Kumbe dereva alikuwa amefichwa ndani ya kiti, na sauti ni ya mwigizaji William Daniels. Magnum wa Hawaii alikuwa na Ferrari 308 nyekundu. Wa Miami Vice walianza na Ferrari Daytona nyeusi ya bandia, bodi imejengwa juu ya Chevrolet Corvette. Ferrari wenyewe wakakasirika wakaenda mahakamani. Mwaka 1986 ile ya bandia ikalipuliwa kwenye mchezo, ikaja Testarossa nyeupe ya kweli. Lile Dodge Charger la Dukes of Hazzard lililokuwa likiruka mito, waliyavunja mamia.

Sasa njoo Nairobi. Nikienda huko hufikia kwa ndugu yangu Kawangware, kwa matatu za 46. Kwenda Kibera utapanda nambari 8. Kati ya mitaa hii miwili kuna Kilimani na Lavington, na huko magari ya kifahari yapo, yamelala nyuma ya mageti. Lakini gari lililotoka pande hizi likaonekana dunia nzima halikutoka nyuma ya geti.

Mwezi Juni 2015 Netflix walitoa Sense8, tamthilia ya dada wawili Wachowski na J. Michael Straczynski. Ina watu wanane, kila mmoja na mji wake, na wa Nairobi ni Capheus, dereva wa matatu anayeishi Kibera. Matatu yake imeandikwa Van Damn, kwa mapenzi yake kwa Jean-Claude Van Damme, na mpinzani wake barabarani ni Bat Van. Aliyewahi kukaa kwenye vibanda vya video vya mitaa hiyo, DJ Afro akitafsiri mapigano kwa Kiswahili, hatashangaa jina hilo.

Na hapa ndipo ninaposhikilia hoja yangu. Magnum akiharibu Ferrari, hakosi chakula cha usiku. Capheus asipopata abiria, mamake mgonjwa wa UKIMWI hapati dawa. Majambazi wanapoivamia matatu na kuchukua dawa hizo, yeye huwafuata. Kesho yake abiria wanajipanga, maana gari la dereva asiyeogopa majambazi ndilo salama. Mtu yeyote aliyepanda matatu usiku anaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa.

Michoro nayo ina kisa chake. Kanuni za waziri Michuki za Februari 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano, na rangi zikafifia. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore. Mwaka uliofuata Van Damn ikatoka.

Lakini nina dukuduku. Capheus wa msimu wa kwanza ni Aml Ameen, mzaliwa wa London. Msimu wa pili akaingia Toby Onwumere, Mmarekani mzaliwa wa Nigeria. Mkenya Paul Ogola alipewa Jela, rafiki. Na mazungumzo karibu yote ni ya Kiingereza! Yaani matatu ilikuwa ya kwetu, usukani ukapewa mgeni.

Siku moja Kibera nilimkuta mtoto anasukuma gari la waya, magurudumu ya champali zilizokatwa. Nikamuuliza, hiyo Ferrari? Akanitazama kama niliyepotea njia. "Hii ni ya nane, mzee. Inaenda tao."